MACHO YETU, SEHEMU YA 4: Picha ya ndani ya jicho ilianzaje?

Dada mmoja kaniuliza: "Nesi, bibi yetu haumwi macho, anajikwaa tu. Hospitali aende kufanya nini?" Swali zuri, na jibu lake lina historia.

Zamani daktari akikutazama jichoni aliona mboni nyeusi tu, basi. Mwaka 1851 Mjerumani Hermann von Helmholtz akatangaza kifaa kidogo kinachoingiza mwanga ndani ya jicho huku daktari anachungulia. Ndipo watu wakaiona retina ya mtu aliye hai, na kile kiduara ambapo mshipa wa fahamu unatoka kwenda kwenye ubongo. Mshipa huo una nyuzi kama milioni moja hivi.

Kwa mwenye presha ya macho, nyuzi hizo zinakufa kidogo kidogo na kiduara kinachimbika kama kikombe. Zikifa hazirudi. Mara nyingi hakuna maumivu. Uoni unaanza kuliwa pembeni, na mtu anakuja kushtuka ameshachelewa.

Ndiyo maana picha ina kazi: unapigwa leo, unapigwa tena mwakani, zinalinganishwa. Mwaka 1991 watafiti wa Marekani wakatangaza kipimo kiitwacho OCT, kinachotumia mwanga kupima unene wa tabaka za retina. Tabaka la nyuzi likipungua, linaonekana.

Msiseme hayo ni ya Wazungu. Utafiti wa vijiji vya Kongwa, Dodoma, uliochapishwa mwaka 2000, uliwapima watu 3,268 wa miaka 40 na kuendelea. Karibu 4 katika kila 100 walikuwa na ugonjwa huu. Na jirani zetu Nakuru, Kenya, mwaka 2013 hadi 2014, watafiti walipiga picha za mshipa huo kwa simu iliyofungwa kifaa kiitwacho Peek. Zilikaribiana vizuri na za kamera kubwa ya hospitali.

Kwa hiyo dada, kujikwaa kuna sababu nyingi, lakini mpeleke bibi akachunguliwe. Akikutwa nayo, dawa au upasuaji vitalinda uoni uliobaki, uliopotea haurudi. Na wewe, mama yako na wajomba zako mkapimwe pia, maana ugonjwa huu unatembea kwenye ukoo.

Sehemu ya 5: dawa za matone, na kwa nini watu wanaziacha njiani. Mtumie na shangazi asome.