Haki, Si Sadaka: Vipofu wa Uingereza na Sheria ya Mwaka 1920

Mtu mwenye ulemavu apewapo msaada, yapasa kuulizwa mambo mawili: amepewa kiasi gani, naye ametozwa nini kwa kupewa. Historia ya vipofu wa Uingereza yaonyesha kwamba swali la pili ni zito kuliko la kwanza.

Kwa sheria ya mwaka 1601, kila parokia ilipaswa kuwatunza maskini wake kwa kodi waliyotozwa wenyeji, na katika maskini hao vipofu walitajwa waziwazi. Mwaka 1834 masharti yalikazwa. Ilikusudiwa hali ya apokeaye msaada iwe duni kuliko ya kibarua wa chini kabisa. Wengi wakatakiwa kuingia nyumba za maskini, ambamo mume alitengwa na mkewe. Tena aliyepokea msaada huo aliondolewa haki ya kupiga kura, na kizuizi hicho hakikufutwa mpaka mwaka 1918. Kipofu aliyetaka kuepuka aibu hiyo alikwenda kwenye karakana za vyama vya hisani, akasuka vikapu na kutengeneza brashi kwa ujira haba.

Vipofu wenyewe hawakunyamaza. Waliunda Jumuiya ya Taifa ya Vipofu, nayo mwaka 1899 ilisajiliwa kuwa chama cha wafanyakazi. Ndipo ilipokuja Vita Kuu ya mwaka 1914 hadi 1918. Askari waliopofuka vitani walipata pensheni, na tangu mwaka 1915 walifundishwa kazi katika nyumba ya St Dunstan's mjini London. Lakini raia aliyezaliwa kipofu, au aliyepofuka kwa maradhi, hakuwa na fungu kama hilo. Giza lao lilikuwa moja. Heshima waliyopewa haikuwa moja.

Tarehe 5 Aprili 1920 makundi matatu ya vipofu yalianza safari ya miguu kutoka Newport, Manchester na Leeds. Walikuwa kama watu 170, wakienda wameshikana mikono, na bendera zao zilidai haki, si sadaka. Walifika Trafalgar Square, London, tarehe 25 Aprili, wakapokewa na umati mkubwa. Na mwisho wa mwezi wajumbe wao walionana na Waziri Mkuu, David Lloyd George.

Mwezi Agosti mwaka huohuo Bunge lilipitisha Sheria ya Vipofu. Kipofu maskini aliweza sasa kupata pensheni ya wazee afikapo miaka 50, badala ya kungoja miaka 70. Na halmashauri za wilaya na miji mikubwa zikapewa wajibu wa kuangalia hali njema ya vipofu. Haya yalikuwa pungufu ya madai yao. Kijana wa miaka 30 hakupata pensheni, na hata mwaka 1938 umri ulishushwa mpaka miaka 40 tu. Lakini pensheni hiyo ilifuata sheria ya mwaka 1908, ambayo ilisema wazi kwamba aipokeaye hatapoteza kura wala haki nyingine yoyote kwa kuipokea. Hapo ndipo sadaka ilipoanza kugeuka haki: kipofu alipokea fedha, akabaki raia kamili.

Manufaa hayo hayakuvuka bahari. Mwezi Julai 1920, mwezi mmoja kabla ya sheria hiyo, Kenya ilifanywa koloni la Uingereza, na Tanganyika ilikuwa tayari chini ya utawala wake. Lakini kipofu wa Mombasa au wa Tabora hakuhusika na pensheni ya London. Aliendelea kutunzwa na jamaa zake, au kungoja mkono wa mpita njia. Miaka 90 ilipita hata Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, katika kifungu cha 54, ikatamka kwamba mtu mwenye ulemavu ana haki ya kutendewa kwa heshima. Na mwaka huohuo Tanzania Bara ikapata Sheria ya Watu Wenye Ulemavu. Sheria hizo nazo zapaswa kupimwa kwa mizani ileile: si kwa kiasi cha fedha peke yake, bali kwa kutazama kama mpokeaji ainua mkono kuomba, au aunyosha kupokea kilicho chake.