Pamba na ugali ni ndugu

Wadau, ikitajwa Shinyanga na Geita kila mtu anakimbilia dhahabu. Sawa tu: Geita iligunduliwa tangu enzi za Mjerumani, mwaka 1898, mgodi wa zamani ukafungwa 1966, na huu mkubwa ukaanza kuzalisha mwaka 2000. Leo lakini naomba tuongelee dhahabu nyeupe.

Mwaka 1838 mkemia Mfaransa, Anselme Payen, alichambua mimea ya aina nyingi akakuta kitu kilekile kila alikogusa. Kikaitwa selulosi. Baadaye ikajulikana kwamba ni mnyororo mrefu sana ambao kila pingili yake ni sukari ya glukosi. Uzi mmoja wa pamba ni seli moja tu iliyoota juu ya mbegu, na ukikauka karibu wote ni selulosi.

Sasa sikia kioja. Wanga wa ugali nao ni glukosi tupu! Tofauti iko kwenye maungio. Mnyororo wa wanga unajipinda, na vimeng'enya vyetu vinaukata kirahisi. Wa selulosi umenyooka na kushikana na wenzake, nasi hatuna cha kuukatia. Ng'ombe wa Msukuma naye hana, ila tumboni mwake wamo vijidudu wanaomfanyia kazi hiyo. Ndiyo maana nyasi za ngitili zinageuka maziwa.

Halafu kuna baruti. Pamba ikitiwa asidi ya nitriki na ya salfa inalipuka. Mwaka 1875 Alfred Nobel aliichanganya na nitrogliserini, akapata kitu cha kupasulia miamba. Kwa hiyo duniani pamba imewafungulia njia wachimbaji wengi.

Kwetu, pamba ililipua siasa. Miaka ya 1950 wakulima wa Kanda ya Ziwa, wakiwa wamechoka kupunjwa kwenye mizani, walijipanga pamoja na Paul Bomani, na mwaka 1955 wakawa na shirikisho lao la vyama vya ushirika, Victoria Federation. Wakauza pamba yao wenyewe, mkoloni akiwa bado yupo! Mwaka 1976 serikali huru ikavifuta vyama hivyo. Vikarudi miaka ya 1980, na 1994 milango ikafunguliwa kwa wanunuzi binafsi.

Leo sehemu kubwa ya nyuzi zetu bado inasafirishwa nje ghafi, kisha sisi tunagombania mitumba mnadani. Mwamba wa dhahabu ukishachimbwa umekwisha. Mpamba hutengeneza selulosi yake kwa hewa, maji na jua, na msimu ujao unapandwa tena. Bomani na wenzake waliona thamani hiyo bila kuhitaji maabara. Sisi tuliosoma kemia mpaka chuo kikuu tunangoja nini kuisokota, kuifuma na kuishona hapahapa?

Nawasilisha.