Hazina ya Walokole

Mwaka 1931 Yosiya Kinuka, dresa mkuu wa hospitali ya misheni ya Gahini, mashariki ya Rwanda, alifunga safari hadi Kampala akiwa na malalamiko kifuani. Hospitali ilikuwa haiendi. Wahudumu Waafrika na wamisionari hawakuiva chungu kimoja, kazi ilifanywa shingo upande, na Kinuka mwenyewe alikuwa ameshachoka. Aliyemwendea ni Simeoni Nsibambi, Mganda aliyekuwa na kazi nzuri katika idara ya afya ya serikali, akaiacha ili awahubiri watu barabarani na majumbani mwao. Mgeni alitegemea kupewa pole. Nsibambi alimsikiliza, kisha akamgeuzia kibao: kinachoiua hospitali ile, alimwambia, ni dhambi iliyomo moyoni mwako wewe. Kinuka aliondoka Kampala ameudhika. Kabla hajafika Gahini alikuwa ameyakubali, na aliowakuta hospitalini aliwaomba radhi.

Wanahistoria wa Uamsho wa Afrika Mashariki hupenda kuanzia miaka miwili nyuma, Septemba 1929, Nsibambi alipokutana Namirembe, Kampala, na Joe Church, daktari Mwingereza wa Gahini. Church alikuwa hoi. Njaa kubwa ilikuwa imepita katika sehemu zile za Rwanda, watu wamekufa kwa wingi, na imani yake mwenyewe ilikuwa imepwaya. Wawili hao walikaa pamoja wakiifuatilia Biblia aya kwa aya na kuomba. Mkutano ule ulikuwa na uzito wake, sikatai. Lakini mimi naona safari ya Kinuka inaeleza zaidi, kwa sababu ndani yake swali la uamsho mzima linaulizwa bila kupambwa: Mkristo akiondolewa kazi, sifa, chama na visingizio, anabaki na nini mkononi?

Swali hilo lilikuwa na mahali pake. Wamisionari wa Kianglikana wa CMS waliingia Buganda mwaka 1877, na kizazi cha kwanza cha waumini kililipa kwa moto, kama waumini walipochomwa Namugongo tarehe 3 Juni 1886. Kizazi cha pili hakikuchomwa; kiligawiwa ardhi. Baada ya Mkataba wa Buganda wa mwaka 1900, Uprotestanti ulikuwa njia ya kupata uchifu na maeneo ya mailo, na kufika miaka ya 1920 kanisa lilikuwa limejaa watu wenye majina ya ubatizo na wake wa pembeni. Kule Rwanda mambo yalikuwa yakielekea hukohuko kwa upande wa Wakatoliki: Wabelgiji walipomwondoa Mwami Musinga mwaka 1931 na kumweka mwanawe Rudahigwa, machifu waliukimbilia ubatizo kwa makundi. Dini ilikuwa cheti. Nsibambi aliwauliza wenye vyeti kama wameokoka, na wengi waliona ni matusi.

Mdogo wake, Blasio Kigozi, alikwenda Gahini kuwa mwalimu, na huko akawa moto kuliko kaka yake. Alipewa ushemasi mwaka 1934. Mwaka uliofuata alikuwa miongoni mwa waliohubiri katika mkutano wa Kabale, kusini-magharibi ya Uganda, na Januari 1936 alifika Kampala akiwa na hoja za kuisomea sinodi: kwa nini kanisa limelala, na kwa nini wanaoishi waziwazi katika dhambi wanakaribishwa kwenye Meza ya Bwana. Homa ya kupe ilimuua kabla sinodi haijakaa. Kilio chake, kwa Kiganda, kilikuwa ni kuwaambia watu waamke, na kifo chake kiliwaamsha wengi ambao mahubiri yake yalikuwa hayajawafikia. Katikati ya mwaka huohuo Gahini ililipuka. Watu walilia usiku kucha, wakatetemeka, wakaungama; walioiba walirudisha fedha, nguo, zana, hata ng'ombe. Uamsho ulipanda milima ya Kigezi, ukashuka Ankole na Buganda, ukaingia Burundi, ukavuka kuja Katoke na Bukoba huku Tanganyika, na ukafika Kabete na Maseno kule Kenya, yote hayo kabla vita vya pili vya dunia havijapamba moto.

Majirani waliwaita Walokole, yaani waliookoka, kwa kejeli. Wenyewe waliitana ndugu.

Ndugu hawa walithamini nini hasa? Wageni wengi hudhani ni hisia, maana vilio na mitetemeko ndivyo vilivyoonekana. Viongozi wenyewe walikuwa na wasiwasi na mambo hayo, na kunena kwa lugha hawakukupa nafasi, jambo linalowatenga na Wapentekoste waliokuja kuenea baadaye. Hawakuthamini sana chombo chochote: hawakuwa na ofisi, kadi za uanachama wala kiongozi wa kulipwa. Walibaki ndani ya makanisa yao, Waanglikana, Walutheri, Wapresbiteri na Wamethodisti, wakikutana kila wiki katika ushirika ambapo mtu husimama, hutaja dhambi yake ya wiki ile kwa jina lake, na kusema ameipeleka msalabani. Wenzake waliitikia kwa wimbo mmoja wa Kiganda, Tukutendereza, yaani tunakusifu, ambao uligeuka salamu ya barabarani kutoka Kigali mpaka Mombasa. Msalaba na damu ya Yesu: hapo ndipo walipoweka kila kitu. Mkutano mkuu wa Kabale wa mwaka 1945 ulibeba neno kuu la kwamba Yesu anatosha, na kwa hilo walimaanisha kwamba elimu, ubatizo, uzungu na hata utumishi wa kanisani haviongezi kitu juu ya msalaba.

Neno hilo la mwisho liliwachoma wakubwa. Oktoba 1941, katika Chuo cha Theolojia cha Bishop Tucker, Mukono, wanafunzi 26 walifukuzwa, William Nagenda akiwa mmoja wao. Walikuwa wakiamka alfajiri kuomba na kuhubiri chuoni, wakalaumu wizi na uzembe wa wenzao, na wakawatilia shaka walimu waliofundisha Biblia kwa mtindo wa kisasa. Mkuu wa chuo alipiga marufuku mikutano hiyo ya alfajiri; wao wakaona dhamiri haipigwi marufuku. Kusema kweli, pande zote mbili zilikuwa na kiburi chake. Nagenda hakupata kuwa kasisi, lakini Askofu Cyril Stuart alikuwa na busara ya kutosha kutoliacha kanisa lipasuke, nao ndugu hawakuondoka kwenda kuanzisha dhehebu lao. Mwaka 1947 Nagenda, Kinuka na Church walikwenda Ulaya kuhubiri, na kitabu cha mwinjilisti Mwingereza Roy Hession, The Calvary Road, kilichotoka mwaka 1950, kilizaliwa kutokana na mafundisho waliyoyapeleka. Mwafrika aliyefukuzwa chuo cha wachungaji alikuwa akiwafundisha Waingereza toba.

Nyumbani, kilichowaudhi wazee hakikuwa theolojia. Kuungama hadharani kulianika siri za nyumba. Mke akisimama mbele ya watu na kutaja uzinzi wake, ametaja pia jina la mtu mwingine, ameiaibisha familia ya mumewe, na pengine amefufua kesi ya mahari iliyokwisha malizwa chini ya mti. Derek Peterson, katika kitabu chake cha mwaka 2012 kuhusu uamsho huu na uzalendo wa kikabila, anaonyesha jinsi viongozi wa jamii mbalimbali walivyowaona Walokole kuwa wasaliti wa kabila. Na kwa kipimo cha wazee hao, hawakukosea. Ndugu walikuwa wakijenga ukoo mwingine. Kijana akitaka kuoa, ndugu ndio waliomsindikiza na kumsemea. Mtu akifiwa, wao ndio waliolala matangani. Msafiri Mhaya aliyefika Kabete na kuamkia kwa Tukutendereza alipata kitanda na chakula kwa Wakikuyu asiowajua. Josiah Kibira wa Bukoba, aliyelelewa na uamsho huu, aliandika kitabu kizima kuhusu kanisa na ukoo, kilichochapishwa mwaka 1974, na miaka mitatu baadaye akachaguliwa Dar es Salaam kuwa Mwafrika wa kwanza kuliongoza Shirikisho la Walutheri Duniani.

Ukoo huo mpya ulitiwa motoni Kenya. Serikali ya kikoloni ilitangaza hali ya hatari Oktoba 1952, na katika vijiji vya Wakikuyu kila mtu alitakiwa aonyeshe yuko upande gani. Kiapo cha Mau Mau, wapiganaji waliopinga ukoloni, kilikuwa na nyama na damu ya mbuzi. Ndugu walikataa, wakisema wamekwisha kunywa damu ya Kristo na hawawezi kuongeza nyingine juu yake. Wengi walipigwa, wengine waliuawa. Inasahaulika mara nyingi kwamba wengi wao walikataa pia bunduki za Home Guard, wanamgambo wa serikali, kwa sababu hiyohiyo, na serikali ikawashuku. Obadiah Kariuki, mmoja wa viongozi wao, alikuwa shemeji wa Jomo Kenyatta, kwa kuwa wote wawili walioa mabinti wa Chifu Koinange. Kenyatta akiwa kifungoni, Kariuki aliwekewa mikono ya uaskofu Namirembe mwaka 1955. Ni rahisi leo, uhuru ukiwa umekwisha patikana, kuwahukumu ndugu kwamba hawakupigania ardhi ya watu wao, na hukumu hiyo ina ukweli ndani yake: walikuwa wepesi wa kuiona dhambi ya moyo na wazito wa kuiona dhambi ya sheria. Lakini viapo viliporudi Kikuyu mwaka 1969, baada ya kuuawa kwa waziri Tom Mboya, safari hii vikiwa vya kulinda madaraka ya wenye nchi, waliokataa walikuwa tena watu wa namna ileile, na mzee mmoja wa kanisa la Kipresbiteri la PCEA alikufa kwa kipigo.

Huo ndio ushahidi ninaouamini kuliko machozi ya mwaka 1936. Hazina ya mtu hujulikana pale anapodaiwa aitoe. Mchungaji Yona Kanamuzeyi wa Bugesera, Rwanda, alichukuliwa na askari usiku mmoja wa Januari 1964, wakati Watutsi wa eneo lile walipokuwa wakilipiziwa kisasi baada ya uvamizi wa wakimbizi wa Kitutsi kutoka Burundi. Mwenzake aliyeachwa hai alisimulia kwamba Yona aliimba akipelekwa kwenye daraja la mto, ambako alipigwa risasi na kutupwa majini. Janani Luwum, aliyeokoka mwaka 1948 kule Acholi, aliuawa Kampala na utawala wa Idi Amin Februari 1977 akiwa askofu mkuu wa Kanisa la Uganda. Festo Kivengere, askofu wa Kigezi, alitoroka kwa miguu na mkewe kupitia milimani hadi Rwanda, na mwaka huohuo akatoa kitabu ambacho jina lake linatangaza kwamba anampenda Idi Amin. Waganda wengi waliopoteza jamaa hawakukipokea vizuri kichwa hicho.

Wakati huo uamsho wenyewe ulikuwa umeshaanza kukauka mahali pengi. Ushuhuda ulipata umbo la kukariri, watu wakijua ni dhambi zipi zinakubalika kutajwa. Mwaka 1971 Uganda ilishuhudia kundi la Kuzuukuka, yaani kuamka, likijitenga ndani ya ndugu, likiwashutumu wenzao kwa madeni na anasa, na mabishano juu ya nguo na mikopo yakala nguvu zilizokuwa za msalaba.

Kisha Aprili 1994. Rwanda, nchi ya Gahini, nchi ambayo Ukristo ulikuwa dini ya walio wengi kabisa, iliua watu wake kwa mamia ya maelfu, wengi wakiwa wamejificha makanisani. Walikuwapo Wahutu wa uamsho waliokufa kwa kuwaficha Watutsi. Walikuwapo pia viongozi wa makanisa, Waanglikana kwa Wakatoliki, waliokuwa wamekaa karibu mno na watawala hata hawakuweza kusema neno. Wanaotaka kuusafisha uamsho husema wauaji hawakuwa wameokoka kweli. Jibu hilo ni jepesi mno, maana halielezi kwa nini miaka sitini ya ushirika haikuwafundisha watu kuungama chuki ya kabila kwa ufasaha uleule waliouungamia wizi na pombe.

Desemba 1996 kundi la Wakristo Wahutu, Watutsi na wa nchi za Magharibi walikutana Detmold, Ujerumani. Tamko walilolitoa liliandikwa kwa sehemu: Wahutu waliungama ya Wahutu, Watutsi ya Watutsi, na watu wa Magharibi ya kwao tangu siku za wamisionari wa kwanza, kila upande ukiomba msamaha bila kutaja deni la mwingine. Ndani ya Rwanda na nje yake, wengi walilipinga.