Mkwepo: kiini kinapolazimika kuishi na kasoro ya prosesa

Prosesa isiyo na kazi hulala, na usingizi wake una viwango. Katika C0 iko macho, inatekeleza maagizo. Katika C1 husimama kidogo tu. Katika C6 huhifadhi hali yake kisha hukatiwa karibu umeme wote. Kadiri inavyolala fofofo ndivyo chaji inavyodumu, lakini kuamka nako huchelewa. Kinachoamua ilale kwa kiwango gani ni kiini cha mfumo endeshi, mathalani kiini cha Linux.

Shida huja prosesa inapolala isiamke. Mwaka 2023 ilijulikana kwamba prosesa za seva za AMD, EPYC za kizazi cha pili, zina kasoro ya namna hiyo: zikipita siku 1,044 hivi bila kuwashwa upya, kore (kitengo kimoja cha utekelezaji ndani ya prosesa) inaweza kushindwa kutoka kwenye usingizi wa CC6, yaani C6 ya kore. AMD haikupanga kuirekebisha. Ilishauri mambo mawili: seva iwashwe upya kabla ya siku hizo kutimia, au CC6 izimwe.

Ushauri wa aina hii Waingereza huuita workaround. Sisi tuuiteje? “Suluhisho” halifai, maana kasoro ingalipo. “Suluhisho la muda” nalo linapotosha: kasoro iliyochongwa ndani ya silikoni huweza kudumu hadi prosesa itupwe. “Kiraka” ni badiliko la msimbo, nalo laweza kuwa tiba kamili. Tena wakati mwingine hakuna kiraka chochote. Wenye kompyuta za Intel Bay Trail zilizokuwa zikiganda ovyo waliongeza tu agizo intel_idle.max_cstate=1 wakati wa kuwasha Linux, ili prosesa isilale zaidi ya C1; kuganda kukapungua, chaji ikaisha upesi.

Napendekeza “mkwepo”, wingi “mikwepo”, kutokana na kukwepa, kama tega ilivyozaa mtego na kopa ikazaa mkopo. Bondia aliyekwepa ngumi hajamtoa mpinzani ulingoni. Maana hiyo ndiyo tunayoitaka.

Mkwepo waweza kufanywa na mtumiaji, kama huo wa Bay Trail, au na kiini chenyewe. Katika baadhi ya prosesa za zamani za AMD, saa ya kuiamsha kore husimama kore inapoingia usingizi wa C1E. Linux huitambua prosesa hiyo na kutegemea saa nyingine iliyo nje ya kore. Mtumiaji hahisi kitu, lakini kasoro iko palepale.

Kwa hiyo, mfasiri wa miongozo, usiandike “imerekebishwa” mahali penye mkwepo. Taja kasoro, taja mkwepo, na utaje gharama yake, iwe ni chaji au kasi. Msimamizi wa seva akisoma “imerekebishwa” ataacha kuhesabu siku.