Kazi ya Serikali si Ngawira

Katika kila nchi yenye serikali kuna kazi mbili zilizo jirani, lakini si kitu kimoja. Ya kwanza ni siasa, yaani kushauriana na kuamua nchi ielekee wapi. Ya pili ni utawala wa kila siku: kupokea ushuru, kupeleka barua, kutunza hesabu na madaftari. Siasa ni kama mwenye chombo achaguaye bandari. Utawala ni kama nahodha na mabaharia wake, wajuao miamba na pepo. Leo nitawasimulia jinsi watu wa Marekani walivyojifunza tofauti hiyo, na gharama waliyolipa.

Andrew Jackson alipopata kuwa Rais mwaka 1829, alisema kwamba kazi za serikali ni nyepesi, mtu mwenye akili aweza kuzifanya, wala si haki ziwe mali ya watu wachache maisha yao yote. Neno hilo lilikuwa na haki ndani yake, lakini vyama vililitumia vingine. Chama kilichoshinda uchaguzi kilizigawa kazi kama ngawira ya vita. Karani wa posta na mpokea ushuru waliondolewa, si kwa kosa, bali kwa kuwa walikuwa wa chama kingine. Waliowekwa mahali pao walitakiwa kutoa sehemu ya mshahara wao kukitunza chama kilichowaweka.

Hata mwaka 1881 akaingia James Garfield, na waombaji kazi wakajaa mlangoni pake. Mmoja wao, Charles Guiteau, alikuwa ameandika hotuba ya kumsifu wakati wa uchaguzi, akaamini kwamba ujira wake ni kuwa balozi mdogo mjini Paris. Aliponyimwa, akanunua bastola. Tarehe 2 Julai akampiga Rais risasi katika stesheni ya gari la moshi mjini Washington. Garfield aliugua siku 79, akafa tarehe 19 Septemba. Guiteau akanyongwa mwaka uliofuata. Wengi walimwona kuwa ana wazimu. Lakini waliona pia kwamba wazimu wake ulikuwa umelishwa na desturi ya nchi.

Aliyemrithi Garfield ni Chester Arthur, mtu aliyekulia katika desturi ile ile: alikuwa mkuu wa forodha ya New York tangu 1871, mpaka alipoondolewa mwaka 1878. Watu hawakumtumainia. Walakini ndiye aliyetia sahihi sheria ya Pendleton, tarehe 16 Januari 1883. Sheria hiyo iliamuru kwamba baadhi ya kazi zipatikane kwa mtihani ulio wazi, na mtu asifukuzwe kwa kukataa kukichangia chama. Mwanzoni iligusa kama kazi moja katika kila kumi, baadaye ikaenea.

Mwaka 1887 mwalimu mmoja, Woodrow Wilson, aliandika kwamba utawala ni elimu yenye mahali pake, nje ya mabishano ya siasa. Maneno yake yakasomwa sana. Lakini yeye mwenyewe alipokuwa Rais mwaka 1913, mawaziri wake walianza kuwatenga makarani weusi na wenzao wazungu maofisini. Na mwaka 1914 kila aliyeomba kazi akatakiwa kupeleka picha yake. Mtihani ulikuwapo pale pale, lakini ubaguzi uliofukuzwa mlangoni uliingia kwa dirishani.

Basi, waliochaguliwa na waamue bandari, kwa kuwa wao ndio watakaoulizwa na watu. Karani naye afuate sheria, ampokee kila amjiaye kwa kadiri ya haki yake, si kwa chama chake wala kwa rangi yake. Na raia awaangalie wote wawili; maana mtihani waweza kumzuia mjinga asiingie ofisini, lakini hauwezi kumzuia dhalimu aliyekwisha kukaa juu yake.