Mitumba: kikulacho ki nguoni mwako?

Wadau, mimi nimesomeshwa na mitumba. Mama aliuza nguo hizo hapa Dar es Salaam tangu nikiwa chekechea mpaka nilipovaa joho la chuo kikuu. Lakini kila nikijisifia hivyo mbele ya baba mkubwa, hununa. Yeye alikuwa fundi mitambo katika kiwanda kimoja cha nguo, akapunguzwa kazini miaka ya 1990. Kwake yeye, shati la mtumba ndilo lililomtoa kazini.

Nani mkweli kati ya hawa wawili? Hebu tuangalie historia.

Baada ya Uhuru, serikali ya Mwalimu Nyerere ilitaka pamba yetu isokotwe na kufumwa hapa hapa. Mwaka 1968 kiwanda cha Urafiki kilifunguliwa Ubungo kwa msaada wa China. Tukawa pia na Mwatex ya Mwanza, Mutex ya Musoma na vingine.

Kufikia mwanzoni mwa miaka ya 1980 viwanda hivi vilikuwa taabani. Bei ya mafuta ilipanda, vita dhidi ya Idi Amin (1978-79) vilikomba hazina, fedha za kigeni za kununulia vipuri zikaadimika. Khanga ikawa kitu cha kupangia foleni.

Angalieni tarehe, wadau. Wakati huo mitumba ilikuwa haijaanza kuingia kwa wingi. Mlango ulianza kufunguliwa mwaka 1984, serikali iliporuhusu wenye fedha zao za kigeni kuagiza bidhaa. Ukapanuka zaidi enzi za Mzee Ruksa, Ali Hassan Mwinyi, aliyeshika urais mwaka 1985. Nguo zilizokuwa zikikejeliwa kwa jina la "kafa Ulaya" sasa zikagombewa.

Kwa hiyo mitumba haikuua mzima, ilimkuta mgonjwa. Ila ilimnyima nafasi ya kupona. Kiwanda gani kitashindana na shati ambalo mwenyewe wa kwanza alilitoa bure? Mwaka 2008 mchumi Garth Frazer alikadiria kuwa nguo kuukuu zilisababisha takriban asilimia 40 ya kuporomoka kwa uzalishaji wa mavazi Afrika kati ya 1981 na 2000. Hapo baba mkubwa ana hoja.

Na mama je? Mtu wa London anayetoa shati lake kwa shirika la misaada hudhani litamfikia maskini bure. Ukweli ni kwamba nguo nyingi zisizouzwika huko huuzwa kwa kilo kwa wafanyabiashara, zikachambuliwa kwa madaraja, zikafungwa mabelo na kusafirishwa. Mpaka belo limfikie mama, limeshalipiwa mara kadhaa, pamoja na ushuru. Na alilinunua likiwa limefungwa, hajui ndani mna nini. Siku likitoka bovu, sisi watoto tulijua kwa kuangalia sufuria ya jioni.

Mwaka 2016 Jumuiya ya Afrika Mashariki ilikubaliana kuachana na mitumba ifikapo 2019. Wafanyabiashara wa nguo hizo Marekani wakalalamika kwa serikali yao. Kenya, Tanzania na Uganda tukarudi nyuma. Rwanda iliendelea, na Julai 2018 Marekani ikasimamisha msamaha wa ushuru kwa mavazi ya Rwanda chini ya mpango wa AGOA.

Sadaka gani hii, ukiikataa unaadhibiwa?

Basi tuache kuiita msaada. Ni biashara, na tuijadili kama biashara. Kuipiga marufuku ghafla, wakati sehemu kubwa ya pamba yetu bado inauzwa nje ikiwa ghafi, ni kuwafanyia akina mama yangu kile alichofanyiwa baba mkubwa. Tuanze na umeme, mitaji na mashine. Viwanda vikisimama, ndipo mitumba ipunguzwe hatua kwa hatua.

Naandika haya nikiwa nimevaa shati la mtumba. Baba mkubwa ndiye aliyenifundisha kukagua mishono kabla ya kununua.