Irabu Saba katika Herufi Tano: Historia Fupi ya Maandishi ya Ekegusii

1. Utangulizi

Katika soko la Nyamache, eneo la Bobasi katika Kaunti ya Kisii, mtu anayetaka kuchapiwa ratiba ya mazishi au kijitabu cha nyimbo kwa lugha ya Ekegusii haitaji kwenda mbali. Kompyuta iliyo mezani kwa mchapaji ina herufi za lugha nyingi za dunia, zikiwemo za Kituruki, Kivietnam na Kiewe. Hata hivyo, maandishi ya Ekegusii yanayotoka humo hutumia irabu tano tu, zile zile zilizotumika zama za herufi za risasi. Lugha yenyewe ina irabu saba.

Makala haya yanakusudia kueleza jinsi irabu mbili zilivyokosa herufi, na kulinganisha hali hiyo na historia ya Kituruki, ambacho nacho kilihitaji kuongezewa herufi ambazo mitambo ya uchapaji haikuwa nazo. Hoja yetu ni kwamba kikwazo cha mitambo kimekwisha kuondoka, na kwamba uamuzi uliosalia ni wa wenye lugha na wa wataalamu wao.

2. Irabu zilizofichika

Ekegusii kimehifadhi mfumo wa zamani wa irabu saba za Kibantu. Kwa alama za kifonetiki irabu hizo ni i, e, ɛ, a, ɔ, o, u. Maandishi ya kawaida huandika e na ɛ kwa herufi moja, na kadhalika o na ɔ.

Tuchukue maneno mawili ya kila siku: omonto, yaani mtu, na eng'ombe. Msomaji huona o katika maneno yote mawili. Lakini tukilinganisha na Kigikuyu, ambacho pia kina irabu saba, tunakuta mũndũ upande mmoja na ng'ombe upande wa pili. Waandishi wa Kigikuyu wamezitenga irabu hizo kwa kuweka alama ya wimbi juu ya i na u. Vivyo hivyo, kiambishi eke- katika jina Ekegusii kinalingana na gĩ- ya jina Gĩkũyũ, ilhali e ya mwisho katika eng'ombe ni irabu nyingine, iliyo wazi zaidi.

Si kila tofauti ya sauti inayodai herufi yake. Kwa mfano, b ya Ekegusii hutamkwa kwa mkwaruzo wa midomo miwili, isipokuwa baada ya m, ambapo hutamkwa kwa kipasuo. Mazingira yanatosha kumwongoza msomaji, kwa hiyo herufi moja inafaa. Urefu wa irabu nao huonyeshwa kwa kurudia herufi. Irabu za e na o haziko hivyo. Katika shina la neno hakuna kanuni ya kumwambia msomaji ni ipi kati ya mbili iliyokusudiwa. Lazima awe analijua neno kabla ya kulisoma.

3. Kisanduku cha mpanga herufi

Kwa nini upungufu huu ukaingia? Sehemu kubwa ya jibu imo katika uchapaji. Katika uchapaji wa risasi, kila herufi ilikuwa kipande cha madini kilichokaa katika kisanduku chake. Herufi mpya ilihitaji kuchongwa, kutengenezewa kalibu, kisha kumiminwa kwa kila ukubwa, kubwa na ndogo, wima na mlazo. Kwa misheni ya bara, hilo lilikuwa ni kuagiza ng'ambo na kulipa gharama kubwa kwa ajili ya vitabu vichache.

Waadventista walianzisha mtambo wa kuchapa huko Gendia, karibu na Kendu Bay, mnamo 1913, na vitabu vya kidini vya Kijaluo na vya Ekegusii vikachapwa huko. Inafaa kukumbuka kwamba Kijaluo nacho kina irabu zipatazo tisa au zaidi, na nacho kiliandikwa kwa herufi tano. Herufi hizo tano zilitosha Kiswahili kikamilifu, maana Kiswahili kina irabu tano. Kilichokuwa sahihi kwa lugha moja kikafanywa kipimo cha nyingine.

Wataalamu walikwisha liona tatizo. Lepsius alitoa alfabeti yake ya jumla mnamo 1855, yenye alama nyingi za juu na chini ya herufi. Taasisi ya Kimataifa ya Lugha na Tamaduni za Afrika, iliyoundwa London mnamo 1926, ilishika njia nyingine. Katika waraka wake wa 1927, uliorekebishwa 1930, ilipendekeza herufi mpya kamili kama ɛ, ɔ na ŋ badala ya kurundika alama. Pendekezo hilo lilipata nguvu Afrika ya Magharibi, lakini halikuota mizizi katika maandishi ya Ekegusii. Agano Jipya lilitolewa mnamo 1948 na Biblia nzima mnamo 1988, na kwa njia hiyo tahajia ya irabu tano ikapata heshima ya kitabu kitakatifu.

4. Funzo la Kituruki

Wakati waraka wa London ukijadiliwa, Uturuki ilikuwa inaacha hati ya Kiarabu. Sheria ya alfabeti mpya ilipitishwa tarehe 1 Novemba 1928. Magazeti yalipaswa kuifuata kuanzia 1 Desemba, na vitabu kuanzia Januari 1929. Alfabeti hiyo ina herufi 29. Miongoni mwake ni ç, ğ, ö, ş, ü, pamoja na ı isiyo na nukta, ambayo ni irabu tofauti na i. Kituruki kina irabu nane, na kila moja ilipewa herufi yake. Mitambo ndiyo iliyolazimika kuifuata lugha, kwa sababu nyuma ya herufi palikuwa na sheria, shule na dola.

Kompyuta zilipokuja, jambo hilo lilirudi kwa sura mpya. Jedwali la kwanza la herufi za Ulaya ya Magharibi, lililowekwa mnamo 1987 na Shirika la Kimataifa la Viwango, halikuwa na herufi zote za Kituruki. Mnamo 1989 likatolewa jedwali jingine, ambamo herufi sita za Iceland ziliondolewa na nafasi zao kupewa Ğ, İ, Ş na wenzao wadogo. Matokeo yake, maandishi ya Kituruki yakifunguliwa kwa jedwali la kwanza, þ huonekana mahali pa ş. Kigikuyu kilipitia njia ya ajabu zaidi: ĩ na ũ zilipatikana katika jedwali la 1988 la Ulaya ya Kaskazini, ambamo ziliwekwa kwa ajili ya lugha ya Greenland.

Tangu 1991, mfumo wa Unicode umezipa herufi za lugha nyingi namba zisizogongana. Namba ya ɛ ni 025B, na ya ɔ ni 0254. Herufi zao kubwa, Ɛ na Ɔ, zina namba 0190 na 0186.

5. Fonti ya kujitengenezea

Leo mtu mmoja aliye nyumbani anaweza kuchora herufi na kuziongeza katika fonti yake. Lakini yampasa kujihadhari. Akiichora ɛ katika nafasi ya alama asiyoitumia, ukurasa wake utapendeza machoni pake tu. Ukifika kwa mwenzake utageuka. Herufi ikae penye namba yake, iwe na herufi kubwa yake, na ipatikane katika kibodi. Hilo ndilo Waturuki walilojifunza kwa taabu.

Kwa Ekegusii tunaona kwamba ɛ na ɔ zinafaa kuliko alama ya wimbi. Tukifuata Kigikuyu, omonto na Ekegusii vyenyewe vitabadilika sura. Tukitumia ɛ na ɔ, vyote viwili vitabaki kama vilivyo, na shina la neno eng'ombe litakuwa -ng'ɔmbɛ. Msomaji wa Biblia ya 1988 hatakuwa mgeni katika maandishi mapya.

6. Hitimisho

Pana watakaosema kwamba Abagusii wamesoma miaka mingi bila herufi hizi. Ni kweli, lakini walisoma lugha waliyokuwa wameinyonya pamoja na maziwa. Mtoto aliyelelewa Nairobi na wazazi kutoka Nyamache hana akiba hiyo. Kwake herufi ndiyo mwalimu wa kwanza wa matamshi. Katiba ya Kenya ya 2010, kifungu cha 7, inaitaka dola kukuza lugha za wenyeji, na lugha hizo hufundishwa katika madarasa ya chini ya shule za msingi. Kamusi na vitabu vya madarasa hayo ndipo mahali pa kuanzia. Zamani mchapaji aliweza kusema kwamba kisanduku hakina herufi. Leo hatuna tena udhuru huo.